Kiingereza cha Hoteli Kisile Saa za Skuli

Zanzibar imeshazoea kuambiwa kwamba skuli zake za sekondari zinawapotezea vijana wakati. Husemwa kwenye vikao vya wazazi, kwenye semina za elimu na kwenye maandiko ya miradi ya wafadhili: visiwa vinaishi kwa utalii, mtalii hajui Kiswahili, basi mwanafunzi asomeshwe Kiingereza cha utalii tangu kidato cha kwanza. Afundishwe kumkaribisha mgeni mapokezi, kuandika oda mezani, kutaja bei ya safari ya Changuu, kuelekeza njia ya Forodhani na kuomba radhi maji yanapokatika chumbani. Akimaliza kidato cha nne, hoteli itampokea kwa mikono miwili. Kauli hii inapendwa kwa sababu imetoka kwenye uchungu wa kweli. Mwaka 2023 Zanzibar ilipokea wageni wa kimataifa zaidi ya 600,000, na mwaka 2024 wakapindukia 700,000, katika visiwa ambavyo sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu wasiofika milioni mbili. Utalii unachangia zaidi ya robo ya pato la visiwa. Hata hivyo nafasi nyingi nzuri katika hoteli za pwani zimeshikwa na watu kutoka Tanzania Bara, Kenya na ng'ambo. Mzazi wa Nungwi au Paje ambaye ukuta wa hoteli umemfikia mlangoni, na mwanawe mwenye cheti cha kidato cha nne anashinda barazani, ana haki ya kuuliza skuli ilimfanyia nini kijana huyo. Swali lake ni la haki. Jawabu analopewa ndilo linalomdhulumu, na mwanawe linamdhulumu zaidi.

Wapo wanaoukataa utalii kwa ajili ya dini na mila, na hoja zao zina mahali pake, hapa sizigusi. Hoja yangu ni ya elimu tu. Tukitazame hicho Kiingereza cha utalii kinavyokuwa kikishafika darasani. Kinakuwa mazungumzo ya kuigiza, mwanafunzi mmoja mgeni, mwengine mhudumu. Mgeni anauliza, mhudumu anajibu. Mgeni analalamika, mhudumu anaomba radhi. Mgeni anaagiza, mhudumu anarudia agizo ili aonyeshe amelisikia. Kwa hiyo mwanafunzi anajifunza upande mmoja wa lugha, upande wa anayeagizwa. Hafundishwi kusoma mkataba wa ajira akakiona kifungu kinachomnyima likizo, wala kuandika ripoti ya mapato ya mwezi, wala kujadiliana na wakala wa safari wa Milan au Warsaw juu ya bei za msimu, wala kutetea mbele ya mwekezaji njia ya wanakijiji ya kushukia pwani. Kazi hizo zote ni za utalii, tena ndizo zenye mshahara na sauti. Hoteli ina mhasibu, ina mtu wa mauzo, ina msimamizi wa manunuzi, ina fundi wa umeme na majokofu, ina meneja. Lugha ya watu hawa inataka msamiati mpana, sarufi iliyokaa sawa, na uwezo wa kusoma kurasa ishirini na kuona palipo na kasoro. Mtoto anayepewa Kiingereza cha kubebea trei peke yake ameshachaguliwa ngazi ya kusimama, naye ana miaka kumi na minne na hakuulizwa.

Kinachouma zaidi ni kwamba kipande hicho cha lugha hakihitaji skuli. Ushahidi uko ufukweni kwa anayetaka kuuona. Kiwengwa, ambako Waitaliano wamekuwa wakija kwa miongo, vijana wengi wanazungumza Kiitaliano cha biashara kwa wepesi wa kushangaza, na hakuna mtaala wa serikali uliowafundisha. Wale ambao watu huwaita mapapasi, na ambao mara nyingi tunawasema vibaya kuliko wanavyostahili, walijifunza Kirusi na Kipolandi kiasi cha kuuza safari za baharini pale wageni wa nchi hizo walipoanza kuja kwa wingi. Salamu, bei, saa, njia, sifa za bidhaa: mtu mwenye haja hupata maneno hayo kazini, kwa wiki na miezi, kwa sababu anayatumia kutwa na anaona faida yake jioni ile ile. Na ukomo wa ujuzi huo tunaufahamu vizuri kwa kuwatazama wageni wanavyofanya na lugha yetu. Mgeni anashuka uwanja wa ndege na "jambo" lake na "hakuna matata", anafurahi, nasi tunafurahi naye. Hakuna anayemdhania kwamba anaweza kusoma hukumu ya mahakama au kufuata hotuba ya bajeti kwa Kiswahili. Kijana aliyekaririshwa sentensi hamsini za mapokezi amesimama hapo hapo aliposimama mgeni yule, ila yeye tumemwambia kwamba ameelimishwa.

Wanaotetea mpango huu pia huchukulia kwamba mtalii ni Mwingereza au Mmarekani. Masoko makubwa ya Zanzibar yanajumuisha Italia, Ufaransa, Ujerumani na Poland. Nitaambiwa kwamba wageni hao nao hutumia Kiingereza wakifika kwetu, na ni kweli. Hapo ndipo sentensi za kukariri zinapoanguka. Watu wawili wanapozungumza lugha ambayo si ya yeyote kati yao, kila mmoja analeta lafudhi yake, makosa yake na tafsiri za kwao. Mgeni wa Kipolandi hataulizia habari ya bahari kupwa kwa maneno yaliyomo kitabuni. Anayemwelewa ni yule mwenye lugha ya kutosha kugeuza sentensi, kuuliza tena kwa njia nyengine, kukisia, na kueleza jambo lile lile mara tatu kwa maneno matatu tofauti. Uwezo huo hautokani na mazungumzo ya kuigiza. Unatokana na kusoma sana, kuandika sana, na kusikiliza Kiingereza cha kila aina kwa miaka.

Fani ya kufundisha Kiingereza kwa shughuli maalumu ina zaidi ya nusu karne, na walioijenga hawakumkusudia mtoto anayeanza. Tony Dudley-Evans na Maggie Jo St John, katika kitabu chao cha mwaka 1998 ambacho walimu wengi wa fani hiyo wamekipitia, walieleza kwamba mafunzo ya aina hii kwa kawaida hutungiwa watu wazima walioko vyuoni au kazini, ambao lugha yao imeshafika kiwango cha kati au cha juu. Mlango wa sekondari hawakuufunga, lakini hawakuufanya ndio mlango mkuu. Sasa mtazame mwanafunzi wetu wa kidato cha kwanza. Clive Criper na William Dodd, Waingereza waliopima Kiingereza cha wanafunzi wa Tanzania mwaka 1984, walikuta kwamba wengi wa sekondari hawakiwezi kiasi cha kufuata masomo yao. Miaka mingi baadaye, watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol waliofanya kazi na wenzao wa Zanzibar waliichunguza mitihani ya kidato cha pili wakakuta maswali ya sayansi ambayo wanafunzi waliyaacha wazi au waliyajibu ovyo kwa Kiingereza, na ambayo walijibu vyema zaidi yalipoletwa kwa Kiswahili. Huyu si mwanafunzi aliyekwisha kuwa na Kiingereza cha jumla akabakiwa na haja ya istilahi za kazi. Kumpa istilahi za hoteli kabla ya lugha yenyewe ni kumpa mtu kisahani kabla ya kikombe.

Sababu ya udhaifu huo inajulikana. Tunamfundisha mtoto kwa Kiswahili katika darasa za chini, halafu tunamgeuzia lugha ghafla na kumtaka ajifunze fizikia na jiografia kwa Kiingereza ambacho bado hana. Zanzibar ilikwenda mbali zaidi: Sera ya Elimu ya mwaka 2006 ilielekeza hisabati na sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Jim Cummins, mtaalamu wa Canada, alionyesha tangu mwaka 1979 kwamba lugha ya kuzungumza mambo ya kila siku na lugha ya kufikiria masomo ni viwango viwili mbalimbali, na cha pili huchukua miaka mingi zaidi kujengeka. Martha Qorro na Casmir Rubagumya, wanaisimu waliofundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wameeleza kwa miaka kwamba kujifunza lugha ni kazi moja na kujifunza masomo mengine kupitia lugha hiyo ni kazi nyengine, na kwamba anayezichanganya huzipoteza zote mbili: fizikia haiingii kwa kuwa lugha haieleweki, na Kiingereza hakikui kwa kuwa mwalimu wa fizikia hakifundishi, anakitumia tu kuandika ubaoni yanayonakiliwa. Njia waliyoipendekeza ni masomo kusomeshwa kwa lugha anayoielewa mtoto, na Kiingereza kifundishwe kama somo, vizuri, na walimu waliokisomea. Kiingereza cha utalii kinaliruka tatizo lote hili. Kinaiacha fizikia ifundishwe kwa lugha isiyoeleweka, halafu kinachukua vipindi vichache vilivyobaki vya somo la Kiingereza, mahali pekee ambapo lugha ingeweza kujengwa, na kuvijaza salamu za mapokezi.

Na hata tukikubali kwamba utalii ndio kipimo cha kila kitu, kipimo hicho hicho kinatoa hukumu dhidi ya mpango huu. Mtembeza wageni hauzi Kiingereza. Mgeni amekuja nacho. Anachokilipia ni ujuzi wa mwenyeji. Mpeleke mgeni Jozani umwonyeshe kima punju, kisha akuulize kwa nini wanyama hawa huonekana wakila makaa katika mashamba ya jirani na msitu. Jawabu lipo: majani ya miembe na mikungu wanayoyapenda yana kemikali za kuwadhuru, na makaa huzinyonya tumboni. Ili kulieleza hilo mtu anahitaji biolojia aliyoielewa na Kiingereza cha kuunganisha sababu na matokeo. Mpeleke Mkunazini, penye kanisa la Waanglikana lililojengwa lilipokuwa soko la watumwa, naye akuulize kwa nini soko lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba wa Sultan Barghash na Waingereza ilhali hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja ilidumu hadi mwaka 1897. Hapo hakuna sentensi ya mapokezi itakayokuokoa. Inabidi ujue tofauti ya kuuza watu baharini na kuwamiliki mashambani, ujue mashamba ya mikarafuu yalitegemea mikono ya nani, ujue maslahi ya Waingereza na ya Waarabu wenye mashamba. Mpeleke Kizimkazi Dimbani mbele ya mihrabu yenye maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia, na umweleze Waswahili walikuwa wakifanya biashara na nani wakati huo. Mpeleke Paje bahari ikipwa, akute wanawake na kamba zao za mwani, zao lililoanza kulimwa hapo mwaka 1989, na akuulize kwa nini aina ya kotonii, inayolipa zaidi, imekuwa ikifa maji yanapozidi kuwa ya moto.

Mama wa mwani wa Paje analijua jambo hilo kuliko kitabu chochote cha wageni, na analijua kwa Kiswahili. Mwanawe aliye kidato cha tatu angeweza kulichukua kwa mamake, akaliunganisha na alichofundishwa skuli juu ya joto la bahari na magonjwa ya mimea, akapata maelezo ambayo mgeni angeyasikiliza kwa nusu saa. Kinachomzuia ni kwamba biolojia na jiografia alizofundishwa zimekaa kichwani kama maneno ya kigeni yaliyokaririwa kwa ajili ya mtihani. Hayamfikii mamake wala bahari. Ndiyo maana nasema kazi ya kutembeza wageni, tunayoitaja kila siku kama sababu ya kupunguza elimu, ndiyo inayodai elimu kamili kuliko kazi nyingi: maarifa yaliyoeleweka kwa lugha ya nyumbani, na Kiingereza kipana cha kuyafikisha kwa mgeni. Kamisheni ya Utalii inaweza kumpa mtu kitambulisho. Haiwezi kumpa cha kusema.

Njia hii ya kumkatia mtoto elimu kwa kipimo cha kazi aliyopangiwa si mpya kwetu. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes, chini ya Thomas Jesse Jones, ilizunguka Afrika Mashariki na kushauri kwamba elimu ya Mwafrika ifuate mazingira yake: kilimo, afya, ufundi wa kijijini. Ushauri ulivaa sura ya huruma, na wazee wetu wengi waliushuku kwa sababu waliona mazingira hayo yalikuwa yamepangwa na mtu mwengine, na kwamba mtoto wa mtawala hakuandikiwa elimu ya namna hiyo. Katika miaka ya 1970 Tanzania Bara ilijaribu tena, safari hii kwa nia njema ya kujitegemea: sekondari zikagawiwa michepuo ya kilimo, ufundi, biashara na sayansikimu. George Psacharopoulos na William Loxley, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1985 chini ya Benki ya Dunia, waliwafuatilia wahitimu wa michepuo hiyo pamoja na wenzao wa Colombia. Waliosoma michepuo Tanzania hawakuonekana kupata kazi kwa urahisi zaidi wala kulipwa zaidi ya waliosoma masomo ya kawaida, na michepuo ilikuwa ghali kuiendesha. Miaka 20 kabla yao, Philip Foster aliyesoma hali ya Ghana alikuwa ameshaeleza kwamba kijana huchagua njia kwa kuangalia soko la ajira linalipa nini. Mtaala haubadilishi mishahara ya nje ya skuli. Kama nafasi zilizo wazi kwa kijana wa Kiwengwa ni za usafi na bustani, kumpa somo la mazungumzo ya hoteli hakutafungua ofisi ya mhasibu.

Kuna pia suala la kuegemea soko moja. Mwaka 2019 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 538,000. Mwaka 2020, korona ilipofunga njia za ndege, idadi ikaporomoka hadi karibu 260,000, na hoteli nyingi zikafunga milango kwa miezi. Ugonjwa, vita katika nchi wanakotoka wageni, kupanda kwa nauli, yote hayo yako nje ya uwezo wetu. Mtu mwenye Kiingereza kamili na hisabati aliyoielewa anaweza kuhamia bandarini, kwenye benki, kwenye uuguzi, kwenye ualimu. Mwenye sentensi za mapokezi anangoja mapokezi yafunguliwe. Skuli inamwandaa mtoto kwa miaka arubaini ya kazi, na hakuna anayeweza kuapa utalii wa Zanzibar utakuwa wa namna gani hata baada ya kumi.

Walimu wenyewe huleta hoja nzito kuliko zote, na naichukua kwa uzito wake. Wanasema mwanafunzi amekichoka Kiingereza cha vitabu, hakioni maana yake, lakini ukimletea mgeni na hoteli anaamka. Ni kweli kwamba anaamka. Mtoto huamka anapoona lugha inagusa kitu anachokijua. Lakini anachokijua ni kikubwa kuliko hoteli. Kinachohitajika ni kuleta kisiwa ndani ya somo: kusoma kwa Kiingereza habari za kima punju, za karafuu, za uokoaji wa majengo ya Mji Mkongwe, kuandika hoja ya kuunga mkono au kupinga hoteli mpya kijijini, kumhoji mzee kwa Kiswahili na kuandika maelezo yake kwa Kiingereza, kusoma sheria fupi na kuibishia. Utalii utaingia humo, na uingie, kama jambo la kufikiriwa na kujadiliwa. Mwanafunzi anayeandika kurasa tatu za Kiingereza juu ya nani anafaidika na ufukwe wa Nungwi amejifunza maneno yote ya hoteli njiani, na amejifunza pia kusimama upande wa pili wa meza.

Kisha huja hoja ya huruma: wanafunzi wengi hawaendi mbali ya kidato cha nne, basi wapewe angalau kitu cha mkononi. Mimi naiona huruma hii imegeuzwa kichwa chini. Mtoto ambaye skuli yake inaishia kidato cha nne ndiye hasa asiyeweza kumudu kupoteza vipindi, kwa sababu hana chuo cha kumrudishia alichonyimwa. Mwenye kwenda kidato cha tano na chuo kikuu atakipata Kiingereza kipana hata akianza vibaya. Na tutazame ni watoto wa nani wanaopendekezewa mpango huu. Wazazi wenye uwezo mjini wanawalipia watoto wao skuli za binafsi ili wasome Kiingereza cha fasihi, cha sayansi na cha midahalo. Sijaona mmoja wao akiomba mwanawe afundishwe namna ya kuandika oda ya juisi. Kiingereza cha hoteli kimetengwa kwa watoto wa Kaskazini na Kusini Unguja, watoto wa wavuvi na wakulima wa mwani. Tukiwa na elimu mbili kwa watoto wa nchi moja, moja ya kuagiza na moja ya kuagizwa, tusiiite ajira kwa vijana.

Watanijibu kwamba hata serikali imekubali elimu ya kazi, kwani mtaala mpya ulioanza kutumika kwa awamu Tanzania Bara mwaka 2024 umeleta mkondo wa amali katika sekondari. Sina ugomvi na amali. Kijana anayeuchagua upishi au uendeshaji wa hoteli kama fani, akafundishwa na fundi, jikoni, kwa vifaa, kwa saa za kutosha, amepata elimu ya kweli, na Kiingereza cha fani hiyo kina haki ya kuwemo. Ninachokipinga ni kuchukua jina la fani na kulibandika kwenye somo la lugha la wanafunzi wote, bila jiko, bila fundi, bila chumba cha mazoezi, na kudai kwamba wamepata ujuzi. Hata katika amali yenyewe, usafi wa chakula, hesabu za gharama na usalama wa moto vitaeleweka haraka zaidi vikifundishwa kwa Kiswahili. Kiingereza cha mezani kifuate nyuma yake.

Imebaki hoja ya walimu na fedha. Inasemwa Kiingereza kipana kinataka walimu wazuri na vitabu vingi, na hatuna. Cha utalii ni kidogo, kinafundishika. Lakini mwalimu asiyejiamini katika Kiingereza hatoki kwenye udhaifu huo kwa kupewa kitabu cha mazungumzo ya hoteli. Atakisoma kwa sauti, darasa litamfuata kwa sauti, na makosa yake yatakwenda moja kwa moja hadi kwa mgeni. Fedha zinazochapisha vitabu hivyo na kulipia semina zake zingetosha kuanzia maktaba ndogo za Kiingereza chepesi katika skuli za vijijini na kuwarudisha walimu wa somo hilo darasani wenyewe wakati wa likizo. Ama mafunzo ya hoteli, yana wenyewe. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kinafundisha utalii Maruhubi, vituo vya mafunzo ya amali vipo, na waajiri nchini tayari wanalipa tozo ya kuendeleza ufundi stadi, ambayo lengo lake ni hilo hilo la kumwandaa mfanyakazi. Hoteli inayouza chumba kwa mamia ya dola kwa usiku inaweza kumchukua kijana wa kijiji jirani aliyemaliza kidato cha nne, ikamlipa kwa wiki za mwanzo huku ikimfundisha sentensi zake za mapokezi, orodha yake ya vinywaji na namna inavyotaka simu ipokewe. Kazi hiyo ni ya mwajiri, na gharama yake ni ya mwajiri. Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali, kabla ya kupokea mradi mwengine wa kuihamishia gharama hiyo katika vipindi vya kidato cha pili, iwatake wenye hoteli waweke mezani hesabu ya vijana wa vijiji vinavyowazunguka waliowafundisha mwaka uliopita, na wangapi kati yao wamepanda hadi ofisini.